Kofia Iliyokwenda Ibadani

Jambo la kwanza, na nimelisema mpaka koo limekauka: usilaze kofia mezani kwa ukingo wake. Igeuze, ikalie utosi, ukingo utazame juu. Ukiilaza kwa ukingo, uzito wote unashukia pale, na baada ya siku mbili ule ukingo uliouhangaikia wiki nzima umelegea kama chapati ya jana. Nimelisema Tunduma, nimelisema Vwawa, nimelisema Itumba kwenye semina ambayo nusu ya waliohudhuria walikuwa wanachezea simu. Mwaka huu nimeingia kwenye banda la maonesho nikakuta kofia tisa mezani, zote zimelazwa kwa ukingo. Nilivuta kiti cha plastiki nikakaa, maana kuna siku mtu anachoka.

Mimi nimestaafu. Nilianza kushona kofia kabla sijaolewa, na nimeacha mwaka juzi, vidole vilipokataa kushika sindano nyembamba. Duka langu lilikuwa Tunduma, mtaa wa nyuma ya barabara wanapopanga foleni malori ya mpakani, na watu walinijua kwa jina la Mama Kofia, hata wale ambao hawajawahi kununua kitu kwangu. Wateja wangu walikuwa akina mama wa kanisani, mama wa maharusi, na Wazambia waliovuka kutoka Nakonde na salamu zao za "Mwapoleni mukwai". Hao kwa kofia wanatuzidi, tuambiane ukweli. Mwanamke wa Nakonde akivaa kofia, anajua kwamba amevaa kofia. Ninyi mnaivaa kama mliotumwa kuipeleka mahali.

Vijana wa kikundi cha washona kofia cha Vwawa wameniomba niandike ninachokijua kuhusu kazi hii. Nimekubali. Lakini kilichonifanya nishike kalamu hasa ni habari ya Atupele, kwa hiyo mtanivumilia nikianza huku na kurudi kule. Atupele ni binti wa Itumba, kule milimani Ileje. Alikuja kwangu miaka mitano iliyopita akiwa na mfuko mmoja wa nguo na barua ya shangazi yake, na mpaka leo anashonea kwenye sebule yangu, kwenye mashine yangu. Alichokuwa anakitaka ni kimoja: mashine yake mwenyewe, afungue chumba cha kofia nyumbani kwao Itumba. Na mwaka huu, katika mashindano ya kofia kwenye maonesho ya wajasiriamali pale Vwawa, zawadi ya kwanza ilikuwa mashine ya kushona. Sasa mnaelewa ninakokwenda.

Kazi hii mimi nilifundishwa na Mama Nanyangwe wa Ndalambo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye shamba kubwa la mahindi na mikono iliyosuka ukili huku macho yakitazama pengine. Ukili, kwa mnaonunua kila kitu kimeshatengenezwa, ni ule mkanda mrefu unaosukwa kwa majani ya ukindu, halafu unazungushwa na kushonwa mpaka unakuwa kofia. Mama Nanyangwe alinisukisha ukili miezi minne kabla hajaniruhusu kugusa sindano. Nikikosea anafumua wote, hata kama kosa liko mwishoni. Nilimchukia sana, na ninawaambia bila aibu.

Yeye ndiye aliyenipa sheria ya ibada. Kofia ya kwanza niliyoimaliza niliona ni nzuri mno, nikataka kumpelekea mwenyewe aliyeiagiza siku hiyohiyo, Jumamosi. Mama Nanyangwe akaishika, akaibonyeza pembeni kwa dole gumba, akasema bado. Mwenyewe aivae kesho kanisani, ikae kichwani ibada nzima kuanzia wimbo wa kwanza hadi matangazo, halafu Jumatatu airudishe tuikaze utepe wa ndani. Ndipo itakuwa kofia. Nikamwuliza kwa nini. Akaniambia nikaoshe vyombo.

Basi nikaishika sheria ile maisha yangu yote. Dukani kwangu kila mteja alijua kwamba Jumapili anaivaa na Jumatatu anairudisha. Walilalamika, hasa wa ng'ambo, maana kuvuka mpaka mara mbili kwa kofia moja ni usumbufu, lakini walirudi. Jumatatu duka lilijaa akina mama wakisimuliana mahubiri huku mimi nakaza tepe. Zilikuwa siku zangu nzuri kuliko zote.

Makosa yangu pia nitawaambia, msije mkadhani nilizaliwa na sindano. Kubwa kuliko yote ni la kwaya ya akina mama wa upande wa Mbozi Mission. Waliagiza kofia za Pasaka, ishirini na mbili, rangi ya zambarau. Nikaenda na tepu yangu kuwapima vichwa, wiki tatu kabla. Kupima kichwa mnajua, au mnatakiwa mjue: vidole viwili juu ya nyusi, juu ya masikio, halafu nyuma unapita pale kichwa kinapotokeza. Nilipima vizuri sana. Jambo ambalo sikulitazama ni kwamba wote walikuwa wamesuka rasta nene, zile za kukaa nazo mwezi mzima. Pasaka ilipofika wakafumua wote, wakasuka njia moja nyembamba za sikukuu. Asubuhi ile kofia ishirini na mbili ziliteremka mpaka kwenye nyusi kwa pamoja. Nilikaa benchi la nyuma nikiwatazama wanavyoinua videvu ili wamwone mwalimu wa kwaya, na kila akiwanyooshea mkono waanze, nusu wanaanza na nusu wanasubiri. Tangu siku hiyo, kabla sijapima kichwa, ninauliza: hizi nywele utakuwa nazo siku ya kuvaa? Ulizeni na ninyi. Hakuna anayeuliza. Ninawaona mnapima tu.

Zamani tulikaza kofia kwa wanga wa muhogo. Unapika uji mwepesi, unauchuja kwa kitambaa, unaupaka kofia ikiwa juu ya kichwa cha mti, kile kigogo kilichochongwa kama kichwa cha mtu, unaianika kivulini. Harufu yake ni nzuri, na panya wa Tunduma nao waliipenda. Msimu mmoja walikula kofia tatu za send-off katika wiki moja, moja wakaibakiza ukingo tu, na mama wa bibi harusi akasimama dukani kwangu akiwa ameushika ule ukingo mkononi, hasemi kitu. Nilitamani aseme. Baada ya hapo nikahamia kwenye gundi ya maji ya dukani, ile nyeupe inayokauka ikawa haionekani. Panya hawaitaki, mvua ndogo haiisumbui, na kofia inatoka kwenye kichwa cha mti ikiwa imeshakamata umbo lake. Mama Nanyangwe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hakukuwa na wa kunigombeza.

Kuhusu maonesho, sikilizeni, maana huku ndiko mnakoniua kabisa. Mtu anashona kofia kwa wiki mbili halafu anaipakia kwenye bodaboda ikiwa imetumbukizwa ndani ya nyingine, na nyingine juu yake, tano zimepandana. Zikifika Vwawa zote zina umbo la ile ya chini. Kila kofia iwe na boksi lake. Jaza utosi kwa karatasi zilizokunjwakunjwa, siyo za kukandamiza, za kushikilia tu. Funika kwa kanga, maana vumbi la barabara kuu likishaingia kwenye ukili halitoki, na kofia nyeupe inakuwa ya kijivu kabla hujashuka. Ukifika, usiiweke chini, usawa wa vifua vya watu. Iweke kwenye mti wa kuoneshea, usawa wa macho ya mtu aliyesimama, iinamishe kidogo upande wa kulia, upande wenye pambo utazame mlangoni wanakoingilia waamuzi. Na pambo liwe moja. Nimeona kofia mwaka huu ina maua ya plastiki, manyoya, shanga, na kipepeo. Nilimwuliza aliyeitengeneza mtu ataivaa wapi. Akasema ni ya mashindano tu, haivaliwi. Nikamwacha.

Sasa kofia ya Atupele. Alisuka ukili mwembamba kuliko wote niliowahi kuuona, tangu wa Mama Nanyangwe. Akautia rangi ya kahawia aliyoichemsha mwenyewe kwa maganda ya kahawa, akaushona ukingo mpana unaopanda upande mmoja, na pambo likawa ni ukili uleule umekunjwa mara tatu pembeni. Hakuweka kingine chochote. Aliniletea, nikaigeuza nusu saa nzima nikitafuta kosa. Sikulipata. Nikamwambia ukingo ungeweza kuwa sawa zaidi. Akasema, "Sawa, mama," akaenda kuutazama tena ukingo ambao haukuwa na tatizo lolote. Ndivyo nilivyo, siwafichi.

Maonesho yalikuwa yanaanza Jumanne. Jumamosi nikamwambia kesho aende nayo kanisani, ikae ibada nzima. Akanitazama. Niliona kama anataka kusema kitu, lakini nilikuwa na haraka ya kumweleza namna ya kubana nywele zake zisiharibu utepe, nikaendelea kueleza. Jumapili akaivaa. Watu walimgeukia mpaka mchungaji naye akawa anatazama upande ule. Jumatatu nikaukaza utepe kwa mkono wangu, nikajaza utosi kwa karatasi nilizozikuta mezani, tukafunga boksi.

Waamuzi walikuwa watatu: mama mmoja mwalimu wa ushonaji, kijana wa ofisi ya biashara, na mzee mmoja ambaye nadhani alialikwa kwa sababu ya heshima yake. Walipofika kwenye kofia ya Atupele walisimama muda mrefu kuliko kwenye zote. Yule mama mwalimu aliizunguka mara mbili, na kwa namna alivyomgusa yule mzee kwenye kiwiko, nilijua imeshinda. Nimekaa kwenye mashindano miaka mingi, ninawajua waamuzi. Atupele alikuwa amesimama pembeni ya meza amefumbata mikono.

Kisha yule mama akaishusha kofia, akatoa karatasi za ndani ili atazame ushonaji. Akasimama hapohapo. Kwenye utepe wa ndani, sehemu ya paji la uso, kulikuwa na alama ya poda na mafuta ya nywele. Ndogo tu, kama ya kidole. Akamwonesha mwenzake. Wakazungumza kwa sauti ya chini. Halafu kijana wa ofisi ya biashara akaandika kitu kwenye karatasi yake, wakaenda kwenye kofia inayofuata, ile ya kipepeo.

Niliinuka. Miguu yangu siku hizi haiinuki upesi, lakini siku hiyo iliinuka. Nikawafuata, nikawauliza wameandika nini. Yule mama mwalimu alinijibu kwa adabu sana, na adabu yake ndiyo iliyoniudhi zaidi. Alisema kanuni zinasema kazi ya mashindano iwe mpya, isiwe imewahi kuvaliwa. Nikamwuliza kanuni zipi. Akainama, akaokota mojawapo ya zile karatasi alizozitoa ndani ya kofia, akaikunjua, akainyoosha kwa kiganja juu ya meza. Ilikuwa ni fomu yao. Waliniletea mwezi mmoja kabla, kwa kuwa Atupele alijiandikisha kama mwanafunzi wangu, na mimi niliiacha mezani bila kuisoma, kwa sababu nimeshona kofia tangu yule kijana wa ofisi hajazaliwa na sikuona karatasi itanifundisha nini. Jumatatu nikaikunja na kuijazia utosi. Kanuni ilikuwa ya nne kutoka juu.

Mtu mwingine angenyamaza hapo. Mimi nikasema kwa sauti, banda zima lisikie, kwamba kanuni yenyewe ni ya watu wasiojua kofia. Nikasema kofia isiyokaa ibada moja haijaisha, na kwamba wanawapa watu zawadi kwa kazi ambayo haijaisha. Yule mzee, ambaye alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, akaniuliza, na aliuliza kwa kutaka kujua kweli, "Kwani ibada inaifanyia nini kofia, mama?"

Nikamjibu. Nikamwambia wanga wa muhogo ukishakauka unakuwa mgumu mno, kofia haimkai mtu. Joto la kichwa na jasho la saa mbili tatu vinaulainisha, kofia inajipinda kufuata kichwa cha mwenyewe, na ikikauka tena Jumatatu ndipo unaikaza utepe. Nilimweleza vizuri kabisa. Nilikuwa sijawahi kulieleza jambo lile kwa mtu, wala kujieleza mwenyewe, na nilipokuwa ninalieleza niliona lina akili kweli. Yule mzee akatikisa kichwa, ameelewa. Akaigusa kofia ya Atupele. Akauliza, "Na hii nayo ina muhogo?"

Haikuwa na muhogo. Ilikuwa na gundi ya dukani, ambayo hailainiki kwa joto la kichwa, hata ukiivalia ibada za mwaka mzima. Miaka kumi na zaidi nimewarudisha akina mama dukani kila Jumatatu, nimewavusha mpaka, nimekaza tepe zilizokuwa zimekaza tayari. Atupele alikuja akanishika mkono, akaniambia tukakae, jua kali.

Mashine ilikwenda kwa kijana mmoja wa Mlowo, kofia yake si mbaya, ukingo umelegea upande wa kushoto. Kesho yake nilirudi kwa ile kamati peke yangu, nikawaambia kosa ni langu, binti alifuata nilichomwagiza, wamrudishe hata kwa nafasi ya tatu. Walinipa kiti na soda. Wakasema orodha imeshafungwa. Sikuwagombeza. Mnaonijua mtaona jambo hilo lilikuwa kubwa kiasi gani.

Jumatatu iliyofuata Atupele alikuja kazini kama kawaida. Alifagia, akafungua dirisha, akaketi kwenye mashine yangu. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani usiku kucha nikiwaza jambo moja, kwa hiyo nikamwuliza moja kwa moja kama zile kanuni alitumiwa na yeye kwenye simu. Akasema ndiyo. Nikamwuliza kama alizisoma.

"Nilizisoma, mama. Mara mbili."

"Na ile ya nne?"

"Niliiona."

"Ukaenda nayo kanisani."

"Ulisema niende."

Miaka mitano ya kuipigania mashine, kofia isiyo na kosa, na binti anajua kabisa kwamba akiivaa ameikosa, akaivaa. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Aliacha kushona. Hakuonekana ana hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Mama, wewe ukiambiwa kitu unakasirika kabla mtu hajamaliza," akasema. "Nikawaza, bora nikose mashine kuliko..."

Na mimi nikamkatisha. Nikamwuliza ni nani aliyemwambia kwamba mimi nina hasira. Nilimwuliza kwa sauti ambayo majirani waliisikia, nadhani. Akashika kitambaa, akaanza kushona tena.

Mashine yangu nimemwambia aichukue aende nayo Itumba, mimi sina kazi nayo. Ameshukuru, akakataa, akasema atasubiri maonesho yajayo. Na ile sentensi yake nimemwomba aimalizie, mara tatu sasa, kwa upole, nikiwa nimekaa kabisa. Kila mara anasema amesahau.